Kokwa Ishirini na Tatu Jivuni

Wamesimulia waliotutangulia katika imani, na waliopokea kutoka kwao wakapunguza hapa na kuongeza pale, kwamba katika jangwa la Misri, enzi zile watu walipokuwa wakiihama miji ili wamtafute Mungu mahali pasipo na majirani, palikuwa na nyumba ya wanawake tisa wacha Mungu. Mkuu wao aliitwa Ama Herai. Ama maana yake ni mama, na ndivyo watawa wa kike wa nchi ile walivyoitwa na watu waliowaendea kwa sala na mashauri. Wapo wanaosema kwamba walikuwa kumi na mmoja, si tisa. Mimi nimeshika tisa, kwa sababu kisa hiki kina mambo ya kutosha ya kuhesabu bila kuongeza watawa.

Zama hizo hapakuwa na kalenda ya kutundika ukutani. Siku ya Pasaka, kama tujuavyo, haikai mahali pamoja, huhama kila mwaka. Wenye elimu ya mwezi na nyota waliikokotoa huko mjini, askofu akaiandika katika barua, na barua ikapandishwa punda ikapita kanisa hadi kanisa ikisomwa: mfungo wa Kwaresima uanze Jumatatu fulani, Pasaka iwe Jumapili fulani. Nyumba ya Ama Herai ilikuwa ya mwisho kusomewa, maana mbele yake palikuwa na mchanga tu. Kasisi naye alikuwa mmoja kwa vijiji vingi, na kwao hakufika mpaka juma la pili baada ya sikukuu.

Basi barua ikishasomwa, walifanya mambo matatu. Kwanza, katika chungu kidogo cha udongo walitia kokwa za tende arobaini na nane: arobaini za mfungo wenyewe, na nane za siku zile zinazoanza Bwana alipomfufua Lazaro hadi alipolazwa kaburini. Kila jioni baada ya sala kokwa moja ilitolewa, ikatupwa katika pakacha la chakula cha mbuzi. Ikitoka ya mwisho, kesho yake alfajiri ni Pasaka. Pili, lango la nyumba lilizibwa kwa tope, likakauka, na hakuna aliyetoka wala kuingia mpaka sikukuu. Tatu, chakula ambacho wangekula kama si mfungo kiliwekwa kando kila siku katika kapu kubwa, mikate mikavu, dengu, tini, ili asubuhi ya Pasaka kapu lipelekwe kwa maskini wa Pelshemu.

Pelshemu kilikuwa kijiji cha wakata matete, mwendo mfupi kutoka pale. Watu wake hawakujua kusoma wala kukokotoa. Walijua kuanza mfungo barua iliposomwa, na walijua kumaliza waliposikia ubao. Nyumba ya Ama Herai haikuwa na kengele. Ilikuwa na ubao wa mti mgumu ulioning'inizwa kwa kamba, nao ulipogongwa alfajiri ya Pasaka, Pelshemu nzima iliamka ikajua kwamba Bwana amefufuka na kwamba mayai yanaliwa. Kwa maana Kwaresima hawakula nyama, wala maziwa, wala mayai. Kuku, ambao hawakusomewa barua ya askofu, waliendelea kutaga kama kawaida, na wanawake wa kijiji waliwaacha waatamie.

Hivyo nyumba ikihesabu vizuri, kijiji kimehesabu vizuri. Ikikosea, wamekosea wote. Tuliweke hilo akilini.

Mlinzi wa chungu mwaka ule aliitwa Senesi. Alikuwa mjane wa miaka kama thelathini, na mwaka wake wa tatu wa majaribio ulikuwa unakwisha. Pasaka ile ndiyo angevikwa shela na kuhesabiwa mtawa kamili. Akivikwa, hakuna mtu duniani mwenye madai juu yake. Asipovikwa, kulikuwa na shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, aliyekuwa amengoja miaka mitatu kwa subira ambayo si ile ya watakatifu, ili amrithi yeye pamoja na mitende yake kumi na miwili. Senesi alimjua shemeji yule. Alikuwa amekwisha kuzika wake wawili.

Nyumba ilikula mara moja kwa siku, mkate na chumvi, baada ya saa tisa. Kitu kitamu chochote kilikuwa haramu. Na sheria ya Ama Herai juu ya anayekula kwa siri katika mfungo kabla hajavikwa shela ilijulikana: lango likifunguliwa Pasaka, anarudi kwao. Mwaka juzi dada mmoja, Tamina, alikuwa amerudishwa kwa sababu ya tini moja. Tini moja, si kapu.

Siku ya tisa ya mfungo, au ya kumi, Senesi aliinamisha chungu atoe kokwa ya jioni, akaona kwamba ile iliyokuja mkononi ilikuwa bado na nyama kidogo ubavuni. Tende zile zililiwa haraka kabla ya mfungo, na wenye haraka hawasafishi kokwa. Akaitia mdomoni. Anasema mwenyewe, kwa mujibu wa waliosimulia, kwamba hakukusudia. Naamini. Ila kesho yake alikusudia. Akawa anachagua zenye nyama, zaidi ya ile ya jioni, anamumunya akiwa peke yake jikoni mpaka utamu unaisha, kisha anaitupa kokwa katika jivu la tanuri ili isionekane. Kisha roho inamsuta, anachukua kokwa kavu katika pakacha la mbuzi na kuirudisha chunguni ili hesabu isiharibike. Siku nyingine alirudisha. Siku nyingine alisikia hatua za mtu akaondoka kabla hajarudisha. Na siku moja, kwa hofu, alirudisha mbili.

Mpaka hapo mambo bado yangeweza kunyooka. Ukaja upepo wa vumbi.

Ni upepo wa majira yale ya mwaka, hutoka kusini ukibeba jangwa lote mgongoni. Ulivuma siku sita. Nona, aliyekuwa mzee kuliko wote, alishika kwamba zilikuwa nane. Jua halikuonekana, mwezi haukuonekana, mchana ulikuwa rangi ya chai iliyopoa. Walisali walipodhani ni saa ya kusali. Ipo siku, au ni siku mbili, waliposali sala ya jioni, wakalala, wakaamka, kukawa na giza lilelile la njano, wakasali ya jioni tena, na Senesi akatoa kokwa tena kwa sababu sala ya jioni ndiyo iliyomwongoza. Hakuna aliyekuwa na uhakika. Kila mmoja alimwangalia mwenzake kwa imani kwamba yule anajua.

Upepo ulipotulia, asubuhi ilikuwa safi kabisa. Wakakusanyika ukumbini kufagia mchanga, na Ama Herai akamwuliza Senesi zimebaki kokwa ngapi. Senesi akasema nne. Maana yake, siku nne za mfungo, ya leo ikiwamo, na ya tano ni Pasaka.

Nona akaacha kufagia. Yeye kazi yake ilikuwa kusuka vikapu, kimoja kila siku tangu siku ya kwanza, na vikapu vyake vilikuwa vimepangwa ukutani. Akavihesabu kwa kidole, akapata thelathini na tisa. Kama leo ni siku ya arobaini na tano, na cha leo hajasuka, vikapu vitano viko wapi? Akaulizwa kama hakuna siku aliyokosa kusuka. Akasema zipo, vidole vilipovimba. Akaulizwa ni ngapi. Akasema tatu, au nne. Na kuna viwili alivifumua kwa sababu vilikuwa vibaya, na siku moja ya furaha alisuka viwili, lakini hakumbuki kama hiyo ilikuwa Kwaresima hii au iliyopita.

Dada Teopista akacheka kidogo kwa pua. Huyu alikuwa msomi wa nyumba. Alizaliwa mjini, alijua Kiyunani, na alikuwa akifunga siku mbili mbili bila kuonja kitu, jambo ambalo lingekuwa siri yake na Mungu kama asingekuwa akilitaja. Akasema kwamba hawezi kuamini wanajadili vikapu. Chungu kimewekwa na mababa, hesabu ya chungu haina vidole vinavyovimba. Zimebaki nne, basi ni nne, na watu waanze kuandaa sikukuu.

Wote wakaona ni maneno ya maana. Ama Herai alikuwa tayari anageuka kwenda zake.

Senesi alisimama na ufagio mkononi. Hapa wasimulizi wote wanakubaliana, hata wale wasiokubaliana juu ya idadi ya watawa: alisimama muda mrefu. Alikuwa anajua mambo mawili. Akinyamaza, siku ya tano atavikwa shela na shemeji atakosa. Na akinyamaza, ubao utapigwa siku ambayo haijulikani ni siku gani, na watu wa Pelshemu, ambao wamekaa na njaa yao siku zote hizi kwa kukiamini chungu chake, watasherehekea ufufuo huku Bwana pengine bado hajasulubiwa. Alijaribu kujiambia kwamba Mungu hatazami tarehe. Huenda ni kweli. Lakini aliona kwamba ameanza kumfahamu Mungu vizuri ghafla, mara tu alipohitaji afanane na matakwa yake, na hilo likamtia shaka.

Akasema, "Ama, hicho chungu kinasema uongo. Nimekifundisha mimi."

Akaeleza yote: utamu, jivu, pakacha la mbuzi, siku alizorudisha na siku alizokimbia. Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyoibiwa katika nyumba ya mwingine.

Ama Herai akamwuliza, "Umetoa ngapi?"

"Saba. Huenda kumi. Hazizidi kumi."

"Umerudisha ngapi?"

"Sijui, Ama."

Teopista akasema kwamba jambo ni rahisi. Kokwa zilizomumunywa ziko jivuni, na jivu la mfungo halijatolewa, maana halitoki mpaka lango lifunguliwe. Zichekechwe, zihesabiwe, na kutokana na hapo mtu mwenye elimu anaweza kukokotoa. Haikuwa kweli, kwa sababu hakuna aliyejua zilizorudishwa, lakini ilisikika kama elimu. Na ukweli ni kwamba watu waliochanganyikiwa hupenda kupewa kazi ya mikono.

Wakaleta chekeche, wakapiga magoti kuzunguka tanuri, wakachekecha jivu la siku zote za mfungo. Kokwa zikaanza kutoka, nyeusi kidogo, zikapangwa juu ya jiwe. Tano. Nane. Kumi. Senesi akashusha pumzi, maana alikuwa amesema kweli. Kumi na moja. Kumi na tano. Wakaacha kuhesabu kwa sauti. Jivu lilipokwisha, juu ya jiwe palikuwa na kokwa ishirini na tatu.



Wa kwanza kusema alikuwa Nona. Aliinua uso wenye vumbi la jivu hadi kwenye nyusi, akasema, "Mimi nilidhani niko peke yangu."

Akaulizwa ngapi. Nne, akasema, meno hayamruhusu zaidi. Kisha dada wa pili akasema moja, mara moja tu, katika upepo. Wa tatu akasema tatu, lakini yeye alirudisha zote, tena kwa uaminifu, hata akazidisha moja kama sadaka. Hapo wengine wakaanza kucheka, cheko la watu wanaoogopa, wakanyamaza walipomwona Ama Herai.

Ama Herai alikuwa ameokota kokwa mbili kutoka juu ya jiwe, amezishika kiganjani. Mwanamke huyu alikuwa na umri wa miaka sitini na zaidi. Watu walitembea siku nne kutoka mtoni kuja kuomba baraka yake. Akasema, "Mbili ni zangu. Labda tatu."



Akaendelea, polepole, "Mwaka juzi nilimrudisha Tamina kwao kwa tini moja. Nilisimama langoni nikamwangalia mpaka akapotea. Usiku wake nilisali vizuri sana, nikiwa nimeridhika na nafsi yangu." Akazirudisha kokwa juu ya jiwe, akazilinganisha na nyingine zikae mstari mmoja.

Dada Teopista hakusema kitu. Alikwenda kwenye mtungi kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu kupita jivu lilivyohitaji. Mimi nimezijumlisha kokwa zilizokiriwa mara nyingi, kwa kila riwaya iliyonifikia, na hazifiki ishirini na tatu. Sijui zilizobaki ni za nani. Yawezekana ni za wale waliosema kidogo kuliko walivyokula, na tusimsingizie mtu kwa sababu tu hatumpendi.

Baada ya hapo walibaki na ukweli wote, nao haukuwasaidia chochote. Hilo nalo vitabu vya dini huwa havisemi. Walikuwa wamekiri, wamenyenyekea, wamejaa jivu usoni bila kukusudia, na bado hakuna hata mmoja aliyejua leo ni siku gani. Pasaka yaweza kuwa keshokutwa. Yaweza kuwa ilipita. Mmoja akapendekeza waendelee kufunga mpaka kasisi aje, hata ikiwa wiki tatu. Ikizidi, Mungu atapokea ziada. Mwingine akauliza, na Pelshemu? Nao wazidishe wiki tatu kwa dhambi zetu?

Teopista akarudi, mikono safi. Akasema wafuate chungu hivyo hivyo. "Kijiji kinangoja kusikia ubao, Ama. Hakingoji kujua yaliyomo jikoni. Tukienda kuwaambia kwamba hatujui siku, mwaka ujao nani atafunga kwa neno letu?"

Ama Herai alifikiri. Haikuwa hoja ya kipumbavu, na hakuipuuza. Lakini macho yake yalikuwa yameangukia kapu kubwa pembeni, limejaa hadi ukingoni, limefunikwa kitambaa chenye vumbi, linangoja Pasaka.

"Hatuna haki ya kula, kwa sababu hatujui tarehe," akasema. "Kulisha je? Kulisha kunataka tarehe gani?"



"Senesi, lete mchi."

Wakavunja tope la lango kwa mchi wa kutwangia. Haikuwahi kutokea kabla ya Pasaka tangu nyumba ijengwe. Ama Herai akashika mkono mmoja wa kapu, Senesi mwingine, wakaenda Pelshemu mchana kweupe, mbele ya macho ya watu, katika siku wasiyoijua jina.

Nyumba ya kwanza ya kijiji ilikuwa ya mwanamke aitwaye Mama Pakumi, mkata matete, mjane, mwenye watoto wanne na ulimi usiolala. Aliwaona wakija akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Ubao sijausikia," akasema. "Au nimekuwa kiziwi?"

Ama Herai akamwambia hajawa kiziwi. Wameleta kapu mapema.

Mama Pakumi akafunua kitambaa, akatazama, na uso wake ukabadilika. Ikawa dhahiri kwamba upepo umemaliza bustani zote za kijiji, vitunguu vimezikwa, dengu zimeng'olewa, na katika nyumba yake chungu hakijakaa motoni tangu juzi. Akawaita watoto, akawamegea mkate, wakubwa kwa wadogo, naye akala wa mwisho, amesimama. Kisha akasema, akiwa bado anatafuna, "Hiki chakula kimekaa kwenu siku zote hizi?"

"Ndiyo," akasema Ama Herai.

"Kinangoja nini?"

"Pasaka."

Mama Pakumi akaacha kutafuna, akamkazia macho. 

Ama Herai akatazama kando ili asikutane na macho yake, na kwenye kona ya nyumba akaona kuku amelala katika ungo uliotandikwa majani makavu. Chini ya mbawa zake palikuwa na mayai. Akauliza, akishangaa, kwa nini watoto wamelala njaa na mayai yapo ndani.

"Si mlituambia tusile?" akasema Mama Pakumi. "Ilisomwa katika barua. Ama, nyinyi mnasoma na sisi tunafanya, ndivyo tulivyogawana kazi."

Hapo Ama Herai akaketi chini, juu ya sakafu ya mwanamke yule, akamweleza habari ya kokwa. Hakumtaja Senesi. Alisema "sisi". Alisema kwamba hawajui siku, chungu kimeharibika, na kama si mmoja wao kusema kweli, wangeupiga ubao wakati wowote na kuwadanganya wote.

Mama Pakumi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo lililomsumbua kweli. "Kokwa? Ndani ya kokwa mna nini cha kula?"

"Hakuna," akasema Senesi.

"Mnanyonya mti, na tini ziko kapuni."

"Ndiyo."

Akacheka mpaka akashika mlango. Wasimulizi wanasema kicheko kile kilikuwa toba nzito kuliko zote walizopewa na kasisi maishani mwao. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya nguo akasema, "Haya, na siku ya leo mnaniulizia mimi? Si nyinyi mnaonipigia ubao?"

Lakini mayai yalikuwa yameanza kulia. Sauti ndogo, kama mtu anayekuna mlango kwa ukucha. Mama Pakumi akainama, akamwinua kuku kidogo ubavuni, na yai moja lilikuwa na ufa, na jingine lilikuwa na mdomo unaochungulia. Akahesabu kwa vidole vya mkono uliobaki huru.

Akasema kwamba siku ile ile mfungo ulipoanza, kwa kuwa mayai hayana kazi, alimlaza kuku wake mwekundu. Kuku hukaa siku ishirini na moja, akitaka asitake. Asubuhi mwekundu alipototoa, alimlaza huyu mweupe, siku hiyo hiyo, kwa kuwa mayai yalikuwa mengi. Na huyu mweupe sasa anatotoa. Ishirini na moja, na ishirini na moja nyingine.

"Arobaini na mbili zimekwisha," akasema Ama Herai.  "Leo ni ya arobaini na tatu."

"Siku moja huku au siku moja kule," akasema Mama Pakumi. "Huyu kuku hana muhuri wa askofu."

Senesi alikuwa amekwisha kukokotoa. Ya arobaini na tatu ni Jumatatu ya Juma Kuu. Zimebaki siku sita, ya leo ikiwamo, wala si nne. Kama wangekifuata chungu, wangeugonga ubao wa ufufuo alfajiri ya Ijumaa Kuu yenyewe, na Pelshemu nzima ingekaa kula na kushangilia saa ile ile Bwana anapigiliwa misumari. 

Walirudi nyumbani, wakatia kokwa sita katika chungu kitupu mbele ya watawa wote, na safari hii zilikuwa kavu kwa sababu zilitoka jivuni. Jumapili alfajiri ubao ukagongwa. Kasisi alipokuja juma la pili, walimngoja kwa hofu kubwa kuliko ya hukumu, wakamwuliza Pasaka ilikuwa lini. Akawaambia, akishangaa swali, na siku ikaoana na ile ya kuku mweupe.

Senesi alikuwa amefunga mzigo wake tangu Jumatatu ile. Sheria ilikuwa sheria, naye hakuomba isamehewe. Asubuhi ya Pasaka alisimama langoni na mzigo, akisubiri kuambiwa aende. Ama Herai alimjia akiwa na shela mkononi.

"Ama, mimi nilikula kabla ya kuvikwa," akasema Senesi.

"Na mimi nilikula baada ya kuvikwa miaka arobaini. Lipi zito?"

Senesi akasema hajui.

"Hata mimi," akasema Ama Herai, akamvika. Shemeji alipokuja mwezi uliofuata, alizungumza na lango.

Mwaka uliofuata Nona alishauri chunguni watie vijiwe, ambavyo hakuna atakayevimumunya. Ama Herai alikataa. Kokwa ni zile zile, akasema, ila atakayeshindwa aseme jioni, ili kesho tujue tuko wapi. Kapu nalo halikungoja Pasaka tena. Lilipelekwa Pelshemu kila Ijumaa ya mfungo, na lango halikuzibwa. Na nyumba ile ambayo haikuwahi kufuga ndege yeyote, hata njiwa, ikafuga kuku wawili.

Linabaki jambo moja. Baada ya sikukuu Ama Herai alitembea siku mbili hadi kwa kina Tamina, yule wa tini, kumwomba msamaha na kumsihi arudi. Alimkuta ameolewa, ana mtoto mgongoni, anapepeta ngano. Tamina alimsikiliza. Hakurudi. Kama alisamehe, wasimulizi hawakubaliani. Lakini wote wanasema kwamba Ama Herai alipoondoka, Tamina alimfungia tini katika kitambaa, za kula njiani, na kwamba yule mama mtakatifu alikaa chini ya ukuta wa kwanza aliouona, akazila zote, huku analia.

Nasi leo hupakwa jivu kwenye paji la uso mfungo unapoanza, tukalifuta kabla ya kufika kazini, au tukaliacha lionekane, kutegemea tunafanya kazi na nani. Tunaulizana tumeacha nini Kwaresima hii, nyama, soda, sukari, na kila mtu anayo hesabu yake chunguni. Sina uhakika ni hesabu ya nini. Wale wanawake tisa, au kumi na mmoja, hawakujipaka jivu. Walilichekecha.